Nusu Krediti

Mwalimu Lindqvist, sijawahi kuuona uso wako.
Kwangu wewe ni duara la zambarau
lenye herufi mbili katikati,
na sauti iliyosema, wiki ya kwanza, video ya kwanza:
"Karibuni kwenye Elimu ya Viungo.
Tafuteni mahali tambarare, vaeni raba."

Nilikuwa nimelala na raba miguuni.

Huku bonde la Yakima, Juni haina asubuhi.
Saa kumi usiku baba anapiga honi mara moja,
tunajipakia garini, mimi, Ulises, na shangazi Obdulia
na chupa yake ya kahawa,
tukawahi cheri kabla jua halijazilainisha.
Tunachuma kwa taa za kichwani
kama wezi wenye kibali.

Ngazi yangu ina miguu mitatu, vipago kumi na kimoja.
Ndoo ikijaa ni kilo tisa, mkanda unakula bega.
Panda, shuka, mimina, panda.
Siku moja nilihesabu kwa ajili yako,
nikajaza fomu:
Shughuli: kuchuma cheri, kwa ngazi, mara sitini na moja.
Muda: saa saba.
Mapigo ya moyo: mia moja arobaini na mawili.
Jibu lako likaja usiku, la adabu, na kikatuni cha tabasamu:
"Kazi si mazoezi, Yaretzi. Chagua kwenye orodha."

Orodha nimeisoma.
Tenisi. Baiskeli. Kuogelea. Kukimbia. Gofu.
Nilimsomea shangazi kwa lugha yake.
Nilipofika kwenye gofu aliomba nirudie,
kisha akacheka mpaka akashika jokofu.

Sikubishana. Naitaka hiyo nusu krediti.
Septemba ratiba yangu ina vipindi saba
na kimoja kimekaliwa na viungo;
nikikimaliza kiangazi hiki, kiti kinabaki wazi
na mimi naingia karakana ya Bwana Pruitt
kujifunza kuchomelea vyuma.
Nafasi ni kumi na sita.
Mimi ni wa kumi na tano, kwa penseli.

Basi nakimbia.
Jioni, kando ya mfereji wa kumwagilia,
Ulises nyuma yangu juu ya baiskeli isiyo na breki,
ameshika simu ananirekodi, maana ulitaka ushahidi.
Mikono yangu inanuka majani na sukari.
Magoti yanasengenyana.
Don Casimiro akasimamisha trekta:
"Nani anakufukuza, binti?"
"Shule," nikasema.
Akaitazama barabara nyuma yangu, kwa makini,
kana kwamba ingetokea.

Wiki ya tano ukaleta insha:
Eleza uhusiano wako na mwili wako, maneno mia mbili.
Intaneti ya nyumbani ilikuwa imekatwa.
Nikaketi nje ya maktaba iliyofungwa, mgongo ukutani,
mahali ambapo mtandao wao huvuja,
mbu wakisoma nami.
Nikaandika: Mimi na mwili wangu
tumeajiriwa na tajiri mmoja. Tunalipwa kwa ndoo.
Nikafuta.
Nikaandika juu ya umuhimu wa kunywa maji.

Ulinipa tisini na sita.
Ila chini kabisa, safari hii bila tabasamu,
uliuliza: "Ile ngazi, ina urefu gani?"

Nimekaa na swali lako siku mbili.
Nilidhani ni mtego. Nikadhani ni huruma,
nikakasirika, nikachuma kwa hasira, nikavunja matawi.
Leo nimeipima kwa futi ya baba.

Ni futi kumi na mbili, Mwalimu.
Kipago cha nane kimelegea, kwa hiyo nakiruka,
kwenda na kurudi, ndoo ikiwa tupu, ndoo ikiwa imejaa.
Kuruka nako hakumo kwenye orodha.
Nimeangalia.